Kioo cha Picha ya Bibi

Mimi porojo sizipendi, na asiyetaka kuamini aache. Haya yalimpata rafiki yangu, fundi vioo, mtu asiyejua kutia chumvi.

Aliitwa kwenye jumba la kifalme la zamani, siku hizi makumbusho ya picha, abadilishe kioo cha picha ya bibi mmoja.

“Fundi, nikiona alama hata moja, kazi ya vyumba vilivyobaki nampa mwingine,” msimamizi alimwambia.

“Mama, hapo hata inzi atateleza.”

Akakifuta kioo pande zote, maana fremu ikishazibwa mkono hauingii tena, akakipachika, akaiziba fremu kwa nyuma. Alipomaliza kuitundika, umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao, jua lisipaushe rangi. Gizani akasikia pumzi, taratibu, karibu na sikio.

“Mama, ni wewe?”

Msimamizi akaitikia kutoka mbali, chini ya ngazi: “Naleta tochi, usiguse kitu.”

Alipoimulika picha, kioo kilikuwa na doa la ukungu.

“Si nilikwambia?”

Rafiki yangu akafuta. Halikutoka. Akafuta tena, kwa nguvu. Doa lilikuwa upande wa ndani, mbele ya mdomo wa yule bibi, likififia na kurudi, likififia na kurudi.