Kitanda cha Udongo

Kile kitanda kidogo cha udongo kilikuwa na joto, kama mtu ametoka kukilalia sasa hivi. Mama aliligusa lile joto na akalipuuza, maana mikono ilikuwa imekufa ganzi na mwanawe alikuwa akilia tangu getini, majani yote yale na maua yote yale ya bustani wameyapita kwa kilio.

"Mlaze hapo umbadilishe nepi," alisema wifi yake, aliyemburuta kwenye bustani ile ya jumba la sanaa eti apunge hewa. "Watu wamefinyanga kitanda, mtoto hawana. Sisi tunaye."

Wakacheka. Akamlaza. Kilio kikakatika kama redio iliyozimwa.

Mlinzi alikuja mbio, akanong'ona, "Mama, mtoe! Mnakiona kitupu hicho? Si kitupu."

"Kaka, kama ni kututisha, basi na kiingilio uturudishie," wifi akamjibu.

Lakini mama alipomwinua mtoto, alikuwa mzito, na alinuka udongo mbichi.

Hakulia tena. Nyumba nzima ikamsifu mama, umejaliwa mtoto mtulivu, wenzio hawalali. Na yeye kila akimwogesha maji yanageuka tope, kila akimnyonyesha kile kinywa ni baridi kama bomba la asubuhi, na macho yanaangalia juu ya kichwa chake, yanamfuata mtu anayepita nyuma yake, na akigeuka hakuna mtu, ila harufu ile ya udongo imesogea karibu zaidi.

Akarudi bustanini peke yake, mchana kweupe, akapiga magoti akaweka sikio kwenye kitanda, akamsikia mwanawe, wake kabisa, kilio kile cha sauti iliyokauka chenye kwikwi mwishoni, kinatoka chini sana, akaanza kukwangua udongo kwa kucha na kumwita, na watu wakamzunguka na simu zao wakimrekodi, wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho. Walinzi walipomtoa, kuna waliompigia makofi.

Wifi hakucheka tena. Akampeleka yeye na mtoto kwa bibi mmoja anayetoa majini. Bibi alimshika mtoto mguu, akauachia haraka.

"Huyu namtoa sasa hivi. Ila nikimtoa, mwanangu, utabaki na nguo tupu mikononi."

"Na wangu?"

"Wako yuko kwa mama wa huyu. Jike la jini. Anamnyonyesha."

"Kwa nini amnyonyeshe?"

Bibi aliinamisha macho. "Kwa kuwa wewe unamnyonyesha wake."

"Atanirudishia?"

"Hawarudishi."

"Mtoe, bibi!" wifi alinong'ona. "Mtoe, kitatumaliza!"

Mama alikuwa ameshafungua vifungo vya blauzi.

"Wifi, tafadhali, nani atamlisha wangu?"

Kile kinywa cha baridi kikashika. Wifi akaanza kulia. Mama hakulia, alikuwa ameinama anasikiliza kama kinameza vizuri.