Diski Iliyojazwa Upya

Aliyesimulia habari hii kwanza ni Mwaija wa Kang'ata, mwaka 2005, baada ya arobaini ya bibi yake.

Rekodi pekee ya sauti ya bibi, akiwaita marehemu wa ukoo kwenye tambiko, ilihifadhiwa katika kompyuta ya Ramadhan, fundi wa studio Korogwe. Kompyuta hiyo ilikuwa na diski tatu zinazofanya kazi pamoja, moja ikifa mbili zilizobaki huweza kurudisha yaliyokuwamo. Moja ikafa. Ramadhan akaweka mpya, mbili za zamani ziijaze upya, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Gizani yeye na Mwaija walisikia diski zikipunguza mvumo hadi kimya.

Umeme uliporudi, Ramadhan alikaza waya uliolegea, akaanza upya.

"Fundi, ikipotea sina pa kumsikia tena."

"Tulia, dada. Hizi zinakumbuka kuliko shangazi zako."

Kazi ilipokwisha, wakasikiliza. Bibi aliita jina, akanyamaza kidogo, kama ilivyo desturi. Katika ukimya ule, ambao awali haukuwa na jibu lolote, mwanamume akaitika, "Naam." Jina la pili, akaitika mwanamke.

"Rekodi zimeingiliana," Ramadhan alisema, akaichomoa diski mpya. Zile za zamani nazo ziliitika vilevile.

Kisha bibi akaita, "Mwaija." Ndani ya spika, sauti ya Mwaija mwenyewe ikajibu, "Abee, bibi."

Ramadhan alishafariki. Mwaija yu hai, ila ukimwita haitiki mpaka akuone.