Chupa ya Masalu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Salvina alifuta ubao wa Darasa la Sita na kuhakikisha chaki ipo. Alikuwa kiranja, na katika shule yao pale Katoro hakuna kiranja aliyejivunia kazi yake kama yeye.

Jumatatu ile Mwalimu Bartholomeo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Ushirombo kumzika mama yake. Ijumaa, kabla ya kuondoka, alimwita Salvina pembeni.

"Atakuja mwalimu wa kunishikia darasa. Mwambie Masalu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu; akikosa maji hupatwa na maumivu makali. Akiomba kwenda kunywa maji, asizuiwe. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Scolastika alikuwa binti aliyetoka chuoni, na hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kufundisha. Chaki ilimkatikia mkononi mara mbili. Salvina alitaka kumfikishia ujumbe, lakini akamwona Masalu akitabasamu. Wiki iliyopita Masalu alimpita kwenye jaribio la hisabati, kisha akamtania mbele ya wote, "Kiranja, nije nikufundishe?" Salvina akafunga mdomo. Nitamwambia baadaye, alijisemea.

Saa nne haijafika, chupa ya Masalu ilikuwa tupu kwa mara ya pili. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba nikajaze maji."

"Si umetoka sasa hivi?"

"Anafuata mihogo ya kukaanga huyo!" Ndaki alipaza sauti kutoka nyuma. Darasa zima likacheka.

"Mwalimu Bartholomeo huniruhusu," alisema Masalu.

Mwalimu akamgeukia kiranja. "Ni kweli, Salvina?"

Masalu alimtazama, akingoja.

"Sijui, mwalimu."

"Basi kaa, Masalu. Utakunywa wakati wa mapumziko."

Jua lilizidi kuchoma bati. Masalu alianza kujisugua magoti, halafu akalaza kichwa juu ya dawati. "Mayu wane!" alilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Salvina akasimama. "Mwalimu, nimekudanganya. Ana selimundu. Nilitumwa nikuambie, nikanyamaza."

Mwalimu hakumkaripia. "Kimbia ulete maji. Ndaki, mwite mwalimu mkuu!"

Dakika chache baadaye bodaboda iliondoka kuelekea kituo cha afya, Mwalimu Scolastika akiwa amemkumbatia Masalu. Chupa ilibaki darasani. Salvina aliijaza tena hadi juu, akaiweka kwenye dawati lisilo na mtu.

Jioni aliipeleka kituoni. Masalu alikuwa ametundikiwa dripu na maumivu yalishapungua.

"Shikamoo, Mama Masalu."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu kaniambia wewe ndiye uliyesema. Ahsante sana."

Shukrani hiyo ilimchoma kuliko fimbo. "Usinishukuru, mama. Nilijua tangu asubuhi. Nilikuwa na kinyongo naye." Machozi yakamtoka.

Mama akasogea, akampisha afike kitandani. Masalu akanyoosha mkono. "Lete chupa yangu, kiranja. Hesabu nitakufundisha nikipona."

Mwalimu Scolastika, aliyekuwa dirishani, akasema taratibu, "Na mimi nimekosa. Masalu mwenyewe aliniambia kuwa huruhusiwa, nami nikauliza wengine. Kuanzia leo nitamsikiliza kwanza anayeumwa. Nawe, Salvina, ukikabidhiwa neno linalolinda uhai wa mwenzako, lifikishe papo hapo, hata kama mmegombana. Kinyongo kinaweza kusubiri. Mgonjwa hawezi."