Neno Aliloliokota Mama

Sikukuu ilikuwa mlangoni, na duka kubwa la chakula halikuwa na pa kuweka mguu. Watu walisukumana kwa vikapu, watoto walililia biskuti, na fundi wetu alikuwa amekwama mbele ya rafu ya vitu vya kuokea, simu ameibana kwa bega, pakiti moja mkono huu na nyingine mkono ule. Kwenye simu alikuwa dada yake mkubwa, ambaye alitoa amri kutoka mji mwingine kama ilivyokuwa kawaida yake. Keki ivimbe, kuku aive mpaka ndani, na wali usigande.

Mpe fundi huyu friji iliyokufa, ataifufua kabla chai yako haijapoa. Jikoni, hata hivyo, hakujua mbele wala nyuma. Aliyejua alikuwa Mama, na Mama alipigwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilala, na maneno yakamchanganyikia. Akitaka dirisha lifunguliwe alisema "sufuria". Akitaka maji alisema lolote lililotajwa karibu naye muda mfupi uliopita, kama mtu anayeokota vitu gizani. Kwa kuwa fundi ndiye aliyeishi naye, mapishi ya sikukuu yakamwangukia yeye.

"Kaka, hiyo ni magadi," sauti ilisema nyuma yake. "Ukiitia kwenye keki kwa kiasi hicho unachokifikiria, wageni watadhani umewapikia sabuni."

Aligeuka. Alikuwa mwanamke wa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, nywele amezibana juu, na alama ya unga kwenye kiwiko ambayo hakuwa na habari nayo.

"Na wewe umejuaje nafikiria kiasi gani?"

"Umebeba pakiti nzima nzima kwa keki moja."

Dada Mkubwa alisikika kwenye simu akiuliza nani huyo anayecheka. Fundi akakata, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia dada yake maishani. Alijitetea kwamba yeye kazi yake ni kupoza, si kuoka. Mwanamke akamwambia basi ana bahati, maana kuna kitamutamu kisichohitaji oveni kabisa: unavunjavunja biskuti, unazichanganya na siagi iliyoyeyuka, unazikandamiza kwenye bakuli, juu unamwagia maziwa mazito ya kopo yaliyokorogwa na maji ya ndimu, kisha unaiachia friji kazi iliyobaki. Hata yeye hawezi kukiharibu. Alikuwa mwalimu wa mapishi. Kila Jumamosi aliwafundisha watu wa mtaani chakula rahisi cha nyumbani, kwenye ukumbi uliokuwa na majiko manne na feni mbovu. Walipofika kwa keshia, fundi alikuwa na namba yake ya simu na alikuwa amemsahau kuku.

Kuanzia hapo simu haikupumzika. Kila jioni alimpigia moto ukiwa tayari umewashwa.

"Mwalimu, wali umeshika chini."

"Usikoroge, kipenzi. Wa juu uhamishe, wa chini uulowekee maji."

"Kipenzi unaniambia mimi au wali?"

"Wali. Wewe bado hujaiva."

Baadaye akaja mwenyewe. Alisema amechoka kufundisha kwa simu mtu asiyejua tofauti ya kuchemka na kutokota. Alimfunza kwamba chakula cha sikukuu hakiishi siku ya sikukuu. Mifupa ya kuku wa kuoka ilirudi sufuriani na karoti ikawa supu. Wali wa jana ulipondwa na yai na kitunguu, ukakaangwa vibonge. Mkate uliokauka aliuloweka kwenye maziwa, mayai, sukari na mdalasini, akauoka mpaka ukatuna juu, na ndani ukabaki laini kiasi kwamba Mama aliumeza bila tabu. Mama alimpenda bila kuficha. Alimnyooshea kidole na kumwita "mwiko", mara "kijiko", mara "jiko" kabisa, na Mwalimu alicheka na kuanza kubahatisha mpaka Mama atikise kichwa. Mtu mwingine yeyote angechoka.

Hakumficha fundi kitu. Siku moja, akimenya viazi, alimwambia kwamba aliwahi kuolewa akaachwa, na kama hilo ni tatizo aseme sasa, kabla hajazoea njia ya kwao. Fundi akasema si tatizo. Alisema kweli, na hakujua kwamba kuna siku atatakiwa kulisema tena mbele ya watu.

Habari zikamfikia Dada Mkubwa. Akapiga simu fundi akiwa anamwekea Mama mto mgongoni, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, fundi aliweka sauti ya nje.

"Wanawake wote hawa," Dada Mkubwa alisema, "wewe ukaona uchukue kiporo?"

Kiporo ni chakula kilicholala, unachokipasha moto asubuhi yake, na hakina ubaya wowote. Lakini ukimwita hivyo mwanamke aliyeachika, umesema kwamba mwenzako amekula akashiba, nawe umekuta mabaki. Fundi alilielewa vizuri neno hilo. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Ila huyu dada ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemwogesha na kumchapa, na katika umri wake wote hakuwahi kumjibu. Kwa hiyo akacheka, kile kicheko kidogo cha mtu asiyetaka ugomvi.

Kicheko kile kikawa kibali. Kila simu Dada Mkubwa aliuliza, "Kiporo hajambo?" na kila simu fundi alijichekesha, huku Mama ameketi kwenye kiti chake kati yao, akisikiliza.

Sikukuu nyingine ilipokaribia, Dada Mkubwa alikuja na mumewe na watoto, na fundi akaona huu ndio wakati wa kumtambulisha mchumba. Mwalimu alifika mchana wa mkesha wa sikukuu akiwa amevaa gauni jipya la rangi ya zambarau na hereni ndogo, mikononi ana bakuli la ule mkate wa maziwa anaoupenda Mama. Alipiga goti kidogo kumsalimia Dada Mkubwa, akamsalimia shemeji, kisha akamgeukia Mama.

Uso wa Mama ulifunguka. Aliunyanyua mkono wake mzima, akamnyooshea.

"Kiporo," Mama alisema.

Shemeji alikohoa. Dada Mkubwa alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea meza. Mama alidhani amefurahisha watu. Akarudia kwa sauti zaidi, "Kiporo, kiporo."

Mwalimu hakumkasirikia Mama. Aliweka bakuli mezani taratibu, akamtazama fundi.

"Mama anaokota maneno yaliyodondoshwa humu ndani," alisema. "Hili alilidondosha nani?"

Fundi alikuwa na jibu. Lilikuwa pale pale kooni. Alimwangalia dada yake, akamwangalia mchumba wake, akafungua kinywa, na kitu pekee kilichotoka kilikuwa kile kicheko chake kidogo. Alikisikia mwenyewe kikitoka na hakuweza kukirudisha. Mwalimu alichukua mkoba wake, akamuaga Mama kwa kumbusu kwenye paji la uso, akaondoka. Fundi alibaki amesimama. Hata leo hawezi kueleza kwa nini hakumfuata.

Alipiga simu jioni yote. Iliita mpaka ikachoka. Alituma ujumbe, akafuta, akatuma mwingine uliokuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Asubuhi ya sikukuu Mama alikataa kula. Alitazama mlango na kusema, "Kiporo." Fundi akajipa tumaini kwamba labda ni chakula tu, labda Mama tangu mwanzo alikuwa anataka ule mkate uliobaki kwenye friji. Aliupasha moto, akamlisha kijiko kimoja. Mama akautema, akausukuma mkono wake, akanyoosha kidole mlangoni. "Kiporo," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka.

Hapo ndipo fundi alipoelewa, na afadhali asingeelewa. Mama hakuwa anaomba chakula. Mama alikuwa anamwita Mwalimu. Mwiko na kijiko vimekwisha, sasa amepata jina lenyewe, jina alilolisikia humu ndani kila simu ilipopigwa, na alilishika kwa upendo wote aliobaki nao. Kichwa kile, ambacho kilipoteza jina la mwanawe wa kumzaa, kimelikamata tusi.

Alipiga tena simu, na safari hii ikapokelewa.

"Mama anakuita," alisema.

"Kwa jina gani?"

Fundi aliutazama mkate uliotemwa.

"Mimi sina ugomvi na Mama," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu ambaye hakulala. "Mama maneno yake yamechukuliwa na ugonjwa. Wewe yako yote unayo."

"Nisamehe, mpenzi. Nakuomba."

"Ulinivunjia heshima sebuleni, fundi. Msamaha unaniomba kwenye simu?"

Akakata.

Chakula cha mchana kilipikwa na fundi, na kilikuwa chakula kizuri. Kuku alikauka vizuri juu na ndani alitoa mchuzi mweupe, viazi vilikuwa na ganda la kutafunika, wali haukuganda. Kila kitu kilichokuwa mezani alifundishwa na mtu ambaye hakuwepo. Dada Mkubwa alikula, akasifu, akajipakulia tena. Kisha akauliza, kwa mzaha wake uleule, kama Kiporo amenuna.

Fundi alikuwa ameshika kijiko cha wali. Akakirudisha kwenye bakuli.

"Dada," alisema. "Lile neno ulilisema wewe. Na mimi nikacheka. Tulilisema mpaka Mama akalikariri." Alijua anaongea vibaya, na hakuwa na namna nyingine ya kuongea. "Huyo mwanamke nataka kumuoa. Akinikataa ni haki yake, nimeyataka mwenyewe. Ila neno hilo humu ndani sitalicheka tena."

"Unanisema mbele ya mume wangu?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Wewe ulilisema mbele ya Mama."

Watoto waliacha kutafuna. Na Mama, ambaye alikuwa amesikia neno lake likizungumzwa, alitazama mlango tena.

"Kiporo?" aliuliza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Dada Mkubwa aliinuka, akaenda kuchuchumaa mbele ya kiti, akashika mikono yote miwili ya Mama, mzima na uliolala. "Mama, sema Mwalimu," alisema. "Mwa-li-mu." Mama alimtazama mdomoni kwa bidii, akakunja uso, akajaribu. Ilitoka ileile. Dada Mkubwa akamwambia tena, polepole, kama anavyofundishwa mtoto, na Mama akajaribu tena, na tena, mpaka akachoka akageuza uso. Dada Mkubwa akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake akalia kwa sauti, mwanamke mzima, mbele ya mumewe na wanawe.

Fundi alitaka kumwinua na hakujua amshike wapi. Mwishowe alikusanya sahani.

Alipokuwa jikoni, dada yake aliingia macho mekundu, akamwomba namba ya Mwalimu. Akatoka nayo uani. Fundi alimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku, simu sikioni, mara akiongea, mara akisikiliza kwa muda mrefu huku anafuta pua kwa mkono wa gauni lake. Alirudi ndani. Fundi alimuuliza amejibiwa nini. Dada Mkubwa akasema amejibiwa ukweli, akapita zake kwenda kukaa na Mama.

Hakukuwa na la kufanya zaidi ya kuosha vyombo. Aliviosha vyote, akaviosha tena vile vilivyokuwa safi. Alitenga kuku aliyebaki kwenye kopo lake, wali kwenye lake, mifupa kwenye sufuria, kama alivyoelekezwa. Jua lilikuwa linaelekea kushuka ilipopigwa hodi mlango wa mbele, naye mikono ilikuwa kwenye povu. Alisikia dada yake akifungua. Alisikia sauti mbili za kike, chini chini, na hakuambulia neno. Zikanyamaza. Akangoja asikie mlango ukifungwa, asijue atafungiwa nani nje na nani ndani.

"Wifi," ilisikika sauti ya Dada Mkubwa, kavu kidogo na imekwaruza kwa kulia, "ingia tu na viatu, watoto wameshachafua sakafu."

"Wifi bado sijawa," Mwalimu alijibu. "Kwanza nimuone Mama."

Fundi alitoka jikoni na povu mpaka kwenye viwiko. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa lile gauni la njano, macho yamevimba, hakumtazama. Mama alimwona. Mwili wake wote ulijaribu kuinuka kwenye kiti, na mkono mzima ukaruka hewani. Dada Mkubwa aliona linalokuja. Alifunika uso kwa viganja vyake.

"Kiporo!" Mama alisema, kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu augue.

Shemeji aliinamia simu yake. Mwalimu alisimama pale, na wote waliona jinsi neno lilivyompata, jinsi alivyofumba macho akaliacha lipite. Kisha akaenda kwenye kiti, akapiga magoti, akauchukua ule mkono uliolala akauweka shavuni mwake.

"Abee, Mama," aliitika.