Sahihi Yangu Kwa Orodha ya Takataka

"Mama, hii sahihi ni yako ama si yako?"

Aliyeniuliza ni Nelvine. Mtoto wangu. Wa tumbo hili!

Na hakuniuliza jikoni. Aliniuliza ndani ya ukumbi wa manispaa, saa tano mchana, maiki mkononi, watu zaidi ya mia mbili wakiniangalia kama ng'ombe ameingia kanisani.

Nikaangalia ile karatasi.

Phelis. Na ule mkia wangu wa S ninaouvuta mpaka unagusa jina la chini.

"Ni yangu," nikasema.

Ukumbi wote... "Aaaiii!"

Kwa sababu juu ya hiyo karatasi iliandikwa hivi: SISI WAKAZI TUMEKUBALI TAKATAKA YA MJI IMWAGWE BONDENI.

Bondeni! Kwa chemchemi yetu! Maji tunayokunywa, ng'ombe wanakunywa, chai tunapika!

Wamama wenzangu, naandika hii kwa simu, kidole kimoja. Mimi nilifika darasa la saba. Mkipata makosa, ruka. Lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu kesho inaweza kuwa wewe.

Nelvine ni afisa wa mazingira wa mji wetu. Jina la mji silitaji.

Watu wanafikiri kazi ya manispaa ni kukaa kwa kiti ya kuzunguka. Njoo kwangu uone. Saa kumi na moja asubuhi simu inalia.

"Madam, trekta ya takataka imekwama."

"Madam, mtaro wa soko umeziba, nyanya zinaelea!"

"Madam, kuna punda amekufa mbele ya benki."

Anavaa gumboots, anaenda. Chai anaacha nusu.

Sasa, mahali pa zamani pa kumwaga takataka palijaa. Meneja wa manispaa, Bwana Kipkirui, akataka bondeni. Ni karibu, trekta inafika dakika kumi.

Nelvine akaandika ripoti: hapana. Kuna chemchemi. Peleka nyuma ya miti ya blugamu. Barabara ni mbaya, lakini huko hakuna maji ya mtu.

Meneja akamwambia, "Wewe ni mtoto. Wananchi wenyewe wanataka bondeni."

Nelvine aliponiambia hivyo, nikafunga mlango majirani wasisikie.

"Nelvine, nyamaza tu. Kazi ni moja, wanaoitafuta ni elfu."

"Na ng'ombe wako watakunywa nini, mama?"

"Watakunywa ya mvua!"

Huyo ndiye nilikuwa. Muoga kabisa.

Ndiyo siku ya kikao cha maoni ya wananchi ikafika. Na meneja akatoa hiyo orodha yenye jina langu.

Akamnyang'anya Nelvine maiki. Akacheka.

"Mmesikia? Majina hamsini na nne! Hata mama mzazi wa afisa wetu amekubali. Sasa huyu afisa anatetea nani?"

Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Kumbe! Anakula na mtoto, anaweka sahihi na meneja!"

Watu wakacheka. Mimi nikatafuta shimo sakafuni, sikupata.

Nikamwangalia mtoto wangu aniokoe...

Hakuniokoa! Alisimama tu, macho makavu. Akaniwekea karatasi mkononi.

"Iangalie vizuri, mama. Yote."

Nikavaa miwani. Jina. Namba ya kitambulisho. Simu. Sahihi. Halafu mwisho kabisa, kuna safu ya namba ndogo ndogo inayoshuka chini. Mbele ya jina langu, tatu.

Tatu ya nini?

Haki ya Mungu, hapo ndipo nikakumbuka!

Miezi miwili iliyopita tulikuwa kwa kituo cha kupimia majani ya chai. Lori inapiga honi, majani inapata moto kwa gunia, kila mtu anasukuma. Moureen, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, akaja na karatasi.

"Andikeni haraka! Ni ya miche ya avokado, ya bure, kutoka manispaa!"

Karatasi haikuwa na kichwa. Juu ilikuwa nyeupe tu.

Lakini wewe, niambie ukweli. Avokado ya bure, utauliza kichwa? Niliweka karatasi kwa mgongo wa Nyanchoka, aliyekuwa mbele yangu kwa foleni, nikapiga sahihi, nikapewa miche yangu mitatu. Nikarudi kwa foleni nikiwa na furaha.

Na huko ofisini wakaiwekea kichwa chao.

Nikainua mkono.

"Bwana Meneja, niko na swali."

"Mama, umeshakubali sahihi ni yako. Kaa chini."

"Nitakaa nikichoka! Hii tatu mbele ya jina langu ni ya nini?"

Akaangalia karani wake. Karani akaangalia dirisha.

"Hiyo ni... ni watu wa nyumba yako. Tulikuwa tunahesabu watakaosaidika."

"Watu wa nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Kwangu tuko saba. Na wote wanakula!"

Watu wakaanza kucheka. Lakini sasa hawanicheki mimi.

"Labda karani alikosea," meneja akasema.

"Sawa, hakuna mtu hakosei. Mzee Orina ako?"

"Niko hapa, Mama Nelvine!"

Mzee Orina alitoka upande wa Kisii zamani, akaja kuchuma chai, akakaa. Hajawahi kuoa. Huku kila mtu anajua, na kila mtu anamtania.

"Mzee, nyumbani kwako mko wangapi?"

"Mimi na paka."

"Basi mbona hapa imeandikwa ishirini?"

Wueh! Ukumbi ulianguka!

"Orina! Bibi umeficha wapi?"

"Mahari ulilipia kwa nani?"

"Watoto kumi na nane na hatujaletewa hata mmoja tumwone!"

Mzee akakasirika mpaka kofia ikaanguka.

"Wacheni upuzi! Hiyo ishirini ni miche ya avokado! Nilichukua ishirini, nikapanda, nane zikakauka!"



Halafu sauti kutoka kona. "Mimi nilichukua tano."

"Mimi mbili!"

"Nne! Angalia jina langu, kama si nne nifukuzwe hapa!"

Wakaja kuangalia. Ilikuwa nne.

Macho yote yakaenda kwa Moureen. Akasimama polepole, kitambaa mdomoni.

"Mimi niliambiwa nirudishe orodha kwa ofisi, nikarudisha. Sikujua itatumika hivi. Haki, sikujua."

"Uliambiwa na nani?"

Alimwangalia tu meneja.

Bwana Kipkirui akagonga meza. "Kikao kimefungwa! Kila mtu aandike jina kwa orodha ya waliohudhuria, achukue soda na mkate, aende nyumbani."

Karani akaanza kupitisha karatasi.

Na wenzangu... juu yake ilikuwa nyeupe!

Ilikuwa saa saba. Watu wametoka shambani bila kitu tumboni. Kreti za soda ziko hapo mlangoni, tunaziona.

Hakuna hata mkono mmoja uliinuka.

Karatasi ikatembea kutoka kiti cha mbele mpaka cha nyuma, ikarudi vile ilienda. Mzee Orina aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akapitisha.

Karani akamnong'oneza meneja, lakini maiki ilikuwa bado inafanya kazi. "Bosi, bila orodha ni kama hakukuwa na kikao. Watatuuliza huko juu."

Sote tukasikia!

Hapo ndipo miguu yangu ikanitoa kwa kiti. Sikuituma.

"Lete hapa hizo karatasi."

Pamoja na zile karani alikuwa amebaki nazo, zilikuwa tisa. Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya kila moja, herufi kubwa, pole pole vile mwalimu alinifunza: HATUTAKI TAKATAKA BONDENI. PELEKA NYUMA YA BLUGAMU.

"Mama! Unaharibu karatasi ya serikali!"

"Siharibu. Ilikuwa haina kichwa, nimeipatia."

Nikaweka sahihi. Nikavuta mkia wa S mpaka mwisho wa mstari.

Nyuma yangu wakapanga laini. Mia mbili na kumi na wawili. Hakuna kusukumana, hakuna honi. Kila mmoja alisoma kwanza, na asiyejua kusoma akasomewa. Mzee Orina akauliza kama aandike na paka.

Moureen alikuwa wa mwisho. Nilimpatia kalamu mimi mwenyewe. Lakini sikumsalimia.

Tulipofika nyumbani, nikamgeukia Nelvine. Nilikuwa nimejaa hasira.

"Mbona uliniaibisha mbele ya watu? Si ungeniambia jana?"

"Mama, ile orodha niliiona jana. Nikaelewa mara moja, kwa sababu miche yako mitatu ni mimi nilikuchimbia mashimo."

"Na ukanyamaza!"

"Mimi ni mfanyikazi wa meneja. Nikisema ni uongo, ni neno langu na lake, na yeye ndiye bosi. Ni mwenye sahihi tu anaweza kuikataa." Akashika mkono wangu. "Na ningekuambia jana, leo ungekuja?"



Nisingekuja. Ningesema magoti yanauma. Mtoto wangu ananijua kuliko ninavyojijua.

Ile orodha yetu ililazimika kwenda juu vile ilivyo, na kichwa chake, kwa sababu hawakuwa na nyingine, na huko wakaikubali. Leo trekta inapita nyuma ya blugamu, inaruka mashimo.

Lakini msifikiri hii dunia inalipa wema. Meneja bado ako ofisini. Na Nelvine amepewa barua ya uhamisho, anapelekwa upande wa Kipkelion. Eti ni "mambo ya kawaida."

Phelis wa zamani angelia wiki nzima. Angesema, si nilikuambia unyamaze?

Huyu wa sasa ameosha gumboots, ameweka kwa mfuko, amemwambia: enda, huko pia kuna mitaro imeziba.

Wamama, sikieni. Karatasi isiyo na kichwa usiweke jina lako. Hata kama ni mbegu, hata kama ni harambee ya kanisa, hata kama anayekuletea mmelima naye tangu usichana. Uliza ni ya nini. Wakikosa jibu, andika wewe mwenyewe juu kabisa, halafu piga picha. Jina lako likitoka mkononi mwako, linaweza kutumwa kazi hujui.

Tena usimfunze mtoto wako kunyamaza kwa sababu wewe unaogopa. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko hata ile sahihi.

Na wewe Bwana Meneja, najua umetumiwa hii na unasoma.

Kikao kijacho niko kiti cha mbele. Soda, kunywa mwenyewe.