Herufi Themanini

"Ndoo inavuja. Geti la tatu."

Simu ikakatwa.

Kipanga aligeuza Land Cruiser katikati ya barabara. Madereva walimtukana kwa honi, naye hakujali. Kwa mafumbo ya kikosi chake cha usalama, "ndoo inavuja" ilikuwa na maana moja: sumu ya kutiwa kwenye matangi ya maji ya mji ilikuwa imepita bandari ya nchi kavu, ndani ya kontena, na hakuna mlinzi aliyeiona.

Saa tano na dakika ishirini. Saa sita lori lililobeba kontena lingevuka geti la mwisho.

Mlinzi wa geti, mtu mzima aliyevaa sweta lililotoboka kiwiko, alimpokea akijitetea.

"Sikusinzia, mwanangu. Kengele imelia mara tano, lakini skrini imeandika mistari minne tu ya onyo. Wakubwa wanasema nimezeeka."

"Hujazeeka, mzee wangu. Hebu nione."

Alichomeka waya kwenye kompyuta yake ya ThinkPad. Mashine za geti hazikuweka kumbukumbu. Kilichofutika kwenye skrini kilipotea kabisa. Mfumo wenyewe ulikuwa huria, ule ambao yeyote duniani anaweza kuusoma na kuurekebisha. Akafungua kiendeshi cha skrini, kile kipande kinachopanga herufi kwenye mistari.

Juu kabisa palikuwa na jina la baba yake.

Kipanga alikijua kipande hicho tangu akiwa na sare ya shule. Baba alikiandika sebuleni, na mama alihesabu herufi kwa kidole kwenye skrini yao kuukuu. Themanini kwa kila mstari. Baba hakupitisha badiliko lolote bila kulijaribu kwenye skrini hiyo.

Aliandika herufi sabini na tisa. Zikabaki.

Themanini na moja. Zikabaki.

Themanini kamili. Mstari uliwaka, kisha unaofuata ukaandikwa juu yake.

Wajanja hao! Walilipachika kontena jina refu ili onyo lake lijaze mstari sawasawa. Badiliko lililoleta ubovu huo lilitumwa na mgeni, miezi minne iliyopita. Aliyelipitisha ni baba.

Redio ikakoroma sauti ya Mkuu wa kikosi. "Kipanga, tufunge mageti?"

"Hapana, Mkuu. Watashtuka, watamwaga sumu hapo hapo. Nipe dakika kumi."

Mageti yalipokea marekebisho yaliyopitishwa na mtu mmoja tu: baba. Akampigia.

"Mama yangu! Leo umenikumbuka?" Ndivyo baba alivyozoea kumwita binti yake.

"Baba, nimekutumia marekebisho. Yasome, uyapitishe sasa hivi."

"Nisomee."

"Yako mbele yako, Baba."

"Nisomee, mwanangu. Macho yameniaga. Mwaka sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi yako. Nikajikongoja na ile skrini kubwa uliyoniletea. Ile kuukuu ya mama yako nikaiweka stoo."

Skrini kubwa. Aliinunua kwa aibu, kwa sababu hakufika kwenye mazishi ya mama. Mstari wake ulibeba herufi mia na ishirini. Themanini zilikaa kwa raha, na ubovu haukujitokeza. Zawadi yake mwenyewe ndiyo iliyomfungulia adui mlango.

Akasoma. Alipomaliza, akarudia.

"Ndivyo nilivyoandika mwanzo," baba alisema taratibu. Vidole vyake vilisikika vikigonga vibonye kwa mazoea. "Tayari, mama."

Saa sita kasoro dakika nne.

"Geti la mwisho! Mstari wa tano umetokea! Kontena la vigae!" sauti ilipaa redioni.

Breki. Makelele. Kisha sauti ya Mkuu: "Dereva tunaye, sumu tunayo. Kazi safi. Sasa nipe jina la aliyepitisha ule ubovu."

Kipanga alibana redio mkononi. Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya watu wagumu kuliko Mkuu.

Lakini kila rekebisho huja na maelezo ya aliyelipitisha, na hayo yalikuwa yanajiandika kwenye skrini ya geti. Mlinzi aliyasoma kwa sauti, polepole.

"Ubovu niliupitisha mimi. Sikuona. Msinitumie kazi tena." Akainua macho. "Huyu ni nani?"

"Baba yangu."

Mlinzi alivua kofia.

Kipanga alikunja waya, akavaa miwani nyeusi, akatembea hadi kwenye gari bila haraka. Machozi yalimtoka chini ya miwani, akayaacha. Mkuu alikuwa akimwita kwa kazi nyingine. Alizima redio, akapiga simu.

"Baba, nakuja."

"Njoo. Ila ukifika mlangoni uniite, nijue ni wewe."