Ukuta wa Namba Kumi na Nne

Jumamosi ile mvua iliwafukuza nusu ya watu wa Huddersfield hadi kwenye duka la bustani nje ya mji, wakajazana ukumbini kwenye vyumba vya vioo vya maonyesho, vile vya kuongezwa nyuma ya nyumba. Ndani ya kimoja alikaa Beverley Hargreaves, gauni la kijani limemkaa sawasawa, macho ameyafumba, akijiona tayari yuko kwake. Mwanamume mrefu, koti likimchuruzika maji, akaingia na kikombe cha chai na kukalia kiti cha pili cha henzirani.

"Hiki chumba changu," Beverley akasema.

"Umeshakinunua?"

"Nakichagua."

"Basi chagua vizuri. Julai utaiva humu kama keki. Januari utakaa na koti na soksi mbilimbili."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi kunywa chai yako uondoke."

Hakuondoka. Akauliza kitatazama upande gani. Kusini, akajibiwa, kwenye jua.

"Jua gani? La hapa?"

Beverley akacheka, akajichukia kwa kucheka. Walipotajiana mtaa, ukawa ni mmoja. Mwanamume yule, Leonard Askwith, fundi saa, ndiye aliyehamia juzi namba kumi na sita. Beverley anakaa kumi na nne. Nyumba pacha, ukuta mmoja katikati.

Wakapendana hivyohivyo, kwa kubishana. Kila Jumapili Leonard alikula kwa Beverley nyama ya kuoka na viazi. Asubuhi walipigiana simu, kila mtu kitandani kwake.

"Umeamka, Bev?"

"Nakusikia mara mbili. Kwenye simu na ukutani."

"Ipi tamu?"

"Ya ukutani. Haiishiwi chaji."

Miaka kumi na mmoja Beverley alikuwa akiwapikia watoto wa shule katika jiko la chini ya ardhi lisilo na dirisha hata moja. Alitaka mahali pamoja tu pa kukaa na kuona mbingu. Muuzaji alimshauri ajenge ukuta mrefu wa matofali upande wa jirani asichunguliwe, naye akakubali. Ramani zilikwenda halmashauri kuombewa kibali kabla Leonard hajahamia; Jumamosi ile dukani alikuwa akichagua aina ya vioo tu. Kwa kuwa chumba kilizidi urefu wa kawaida, majirani walipaswa kuulizwa.

Barua ikamfikia Leonard mwezi wa sita. Akatazama ramani, akauona ukuta. Ukuta ule ungeziba mwanga wa dirisha lake la jikoni, na chini ya dirisha lile ndipo ilipo meza yake ya kazi. Saa za mkononi hazitengenezwi gizani.

Mtu mwenye akili angepiga hatua tano akagonga mlango. Lakini watu wa mtaa ule hawaambiani jambo baya usoni. Huzungumza habari za mvua, wakaagana vizuri, kisha hao, kalamu mkononi, kuiandikia halmashauri! Leonard aliandika kurasa mbili za pingamizi. Jumapili akaenda kwa Beverley na kuusifu mchuzi.

Halmashauri huweka barua zote kwenye tovuti yake. Beverley aliisoma ya Leonard Jumatano saa ya mapumziko, aproni ingali kiunoni. Akapiga simu palepale.

"Mimi nataka kujenga 'kitu cha kuchukiza', Leonard?"

"Bev, hiyo ni lugha tu ya—"

"'Mwombaji hana haja ya kweli'! Umeyaandika haya, ukaja kula viazi vyangu vinane!"

"Sikutaka kukuudhi."

"Kwa hiyo ukawaomba wao waniudhi?"

"Nitakosa mwanga, Bev."

"Ungesema!" Akakata simu.

Wiki tatu hawakusemezana. Akimsikia Leonard anakohoa ng'ambo, Beverley aliupiga ukuta kwa mwiko. Leonard naye akafanya alichokijua: akasukuma kadi ya samahani kwenye tundu la barua mlangoni pa Beverley. Ikarudishwa haijafunguliwa. Ya pili nayo ikarudi. Ilikuwa Alhamisi, na kesho yake halmashauri ingeamua, alipokuja na ya tatu. Vidole vyake vingali tunduni, mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

"Barua tena? Mdomo umepewa wa nini, mwanamume wewe?"

Leonard akawa mwekundu hadi masikioni. Mvua ilikuwa inamlowesha.

"Sema!"

"Siutaki ukuta wako!" Sauti ilimtoka mpaka mama wa nyumba ya mbele akafunua pazia. "Ukijengwa, nafunga kazi. Haya, nimesema."

"Ungesema mwezi wa sita ningeweka kioo! Ukuta ule ni wa kujikinga na jirani nisiyemjua. Sasa nakujua, kwa bahati mbaya."

"Niliogopa. Nilidhani tukipingana utaacha kunipenda."

"Tumepingana tangu dakika ya kwanza, mjinga. Ndicho nilichokupendea." Machozi yakamtoka, akazidi kukasirika. "Kuna lingine ulilolificha?"

"Moja." Leonard akairudisha kadi mfukoni. "Nataka kukuoa."

"Na hilo mbona hukuwaandikia halmashauri?"

"Wangewauliza majirani."

Beverley akamshika kola, akamvuta ndani, maji na yote.

"Jirani ni mimi," akasema, "na sina pingamizi."